Virunga Kwenye Simu

Aprili 2019 picha moja ilitoka Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ikazunguka dunia nzima. Askari wa hifadhi, Mathieu Shamavu, amejipiga picha kwa simu. Nyuma yake wamesimama gorila wawili yatima, Ndakasi na Ndeze, kwa miguu miwili, matumbo mbele, mmoja akinyoosha shingo kama shangazi anayehakikisha kwamba na yeye yumo kwenye picha ya harusi. Naibu mkurugenzi wa hifadhi, Innocent Mburanumwe, aliieleza BBC kwamba wanyama hao, waliolelewa na watu tangu wakiwa wachanga, wamezoea kuwaiga walezi wao.

Picha ile haikulipiwa hata faranga moja ya matangazo, na ilikuja kwa wakati wake. Hifadhi ilikuwa imewafungulia watalii tarehe 15 Februari mwaka huohuo, baada ya miezi tisa ya kufungwa. Sababu ya kufungwa ilikuwa tukio la Mei 2018: watalii wawili Waingereza na dereva wao walitekwa nyara kaskazini mwa Goma, na askari Rachel Masika Baraka akauawa akiwalinda. Mateka waliachiwa baada ya siku mbili, lakini katika kila gazeti la Ulaya jina la Virunga lilikuwa limekwisha kushikamana na bunduki. Gorila wawili wenye pozi wakalirudishia jina hilo uso mwingine.

Hata hivyo, picha peke yake haimleti mgeni. Mtandao umejaa picha nzuri za mahali ambapo hakuna anayekwenda. Kilichoipa Virunga nafasi ni kwamba mtu aliyeiona picha ile akiwa Toronto au Nairobi aliweza, jioni hiyohiyo, kufungua tovuti ya hifadhi, kuchagua tarehe na kulipa kwa kadi. Kwa malipo hayo alipanga kibali cha kuwaona gorila, chumba cha kulala, gari la kumpokea mpakani, na viza ya Kongo. Hiyo viza ndiyo kiini cha habari hii.

Anayeijua Kongo anazijua karatasi zake. Mtalii wa kawaida alitakiwa kupeleka ubalozini barua ya mwenyeji wake, ile inayoitwa prise en charge, ikiwa imethibitishwa na mamlaka za nchini. Mtalii asiye na ndugu wala rafiki Kongo angeipata wapi? Wengi waliishia hapo, wakaenda kuwaona gorila Rwanda au Uganda, ambako milima ni ileile na wanyama ni wa ukoo uleule. Hifadhi ikapata kibali cha mamlaka za uhamiaji kwamba anayenunua safari kwenye tovuti yake apewe viza maalumu ya wiki mbili, ya kuingia mara moja, kwa dola 105. Mgeni alituma nakala ya pasipoti kwa mtandao, akapokea barua, akaichapisha, akaifikisha mpakani.

Ukiitazama teknolojia hiyo kwa makini, hukuti maajabu: fomu, kadi ya benki na barua pepe, vitu ambavyo hata mwaka 2010 vilikuwa vimezoeleka. Jambo geni lilikuwa mezani kwa ofisa, si ndani ya kompyuta. Idara ya serikali ilikubali kwamba malipo yaliyofanywa mtandaoni ni ushahidi wa kutosha kumgongea mtu muhuri. Nchi nyingi za Afrika zimetengeneza tovuti za utalii zenye video za machweo na kitufe cha kuwasiliana ambacho hakijibiwi na mtu, kwa sababu nyuma ya kitufe hicho ofisi zimebaki zilivyokuwa.

Bei nayo ilisaidia. Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha gorila kutoka dola 750 hadi dola 1,500 kwa siku moja. Uganda ilikuwa inatoza dola 600. Virunga ilibaki na dola 400, na katika msimu wa wageni wachache ilishusha hadi 200. Kupanda volkano ya Nyiragongo na kulala kwenye ukingo wa kasoko, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, kulikuwa dola 300. Msafiri kijana anayelinganisha bei kwenye simu yake huko Berlin aliziona namba hizo zote kwa dakika moja. Zamani angezisikia kwa wakala wa safari mwenye kitabu cha picha, na wakala angemshauri aende mahali anapopata kamisheni nono.

Mazoea ya Virunga na mtandao yalianzia kwenye msiba. Mwaka 2007 gorila kadhaa walipigwa risasi katika hifadhi, na katika mauaji ya Julai, yaliyoipata familia ya Rugendo, alikufa dume kiongozi Senkwekwe. Picha ya Brent Stirton inayoonyesha wanaume wakimbeba Senkwekwe kwenye machela ya miti, wakipita katikati ya majani, ilisambaa duniani. Ndakasi aliokotwa mwaka huohuo, akiwa na umri wa miezi miwili, amekumbatia maiti ya mama yake.

Wakati huo shirika la WildlifeDirect, lililoanzishwa na Mkenya Richard Leakey pamoja na Mbelgiji Emmanuel de Merode, liliwawezesha askari wa Virunga kuandika habari zao wenyewe mtandaoni. Wakawa wanasimulia kazi zao: familia gani ya gorila imeonekana, nani amejifungua, mtego gani umeng'olewa, makaa ya nani yamekamatwa. Waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walipoishika sehemu ya gorila Septemba 2007, na Rumangabo yenyewe Oktoba 2008, askari walitoroka porini hadi Goma, wakaishi kambini na familia zao. Waliandika hata hayo. Wasomaji wa mbali walichanga pesa za chakula na mahema.

Hapo hapakuwa na utalii hata chembe. Lakini kulikuwa na kitu ambacho mashirika makubwa ya usafiri hulipa pesa nyingi kukipata: maelfu ya watu waliowajua gorila wa Kongo kwa majina, na waliowaamini wanaoandika. De Merode alikabidhiwa uongozi wa hifadhi mwaka 2008. Ziara za gorila zilipoanza tena mwaka uliofuata, na Nyiragongo kufunguliwa mwaka 2010, wateja wa kutafutwa walikuwa wamekwisha kupatikana kwa sehemu. Ni njia ndefu ya kutengeneza soko, na hakuna mshauri wa biashara ambaye angeipendekeza.

Uaminifu huo ulipimwa mwaka 2012. Waasi wa M23 walikuwa wameshika eneo la gorila kabla ya kuingia Goma mwezi Novemba na kukaa humo siku kumi na moja. Taasisi ya serikali ya hifadhi, ICCN, ikatangaza kwamba waasi hao wanapeleka watalii kwa gorila ili kujipatia pesa za vita. Kwa msafiri aliyekuwa Kisoro, upande wa Uganda, ofa ilikuwa rahisi: gari lipo, gorila wapo, lipa uende. Kumkanya mtu kama huyo kungewezekana vipi bila mtandao? Hifadhi ilieleza kwamba ziara zote zimesimamishwa na kwamba safari za namna hiyo ni haramu. Kuwa na mlango mmoja unaojulikana wa kuuzia vibali kulimpa mgeni namna ya kutofautisha kibali na karatasi tu.

Mwaka 2014 ikatoka filamu Virunga ya Orlando von Einsiedel, ikaonyeshwa Netflix, ikateuliwa kuwania Oscar. Ilieleza habari ya kampuni ya mafuta ya SOCO iliyotaka kutafuta mafuta ndani ya hifadhi. Aprili mwaka huo de Merode alipigwa risasi akirudi Rumangabo kutoka Goma, akapona. Juni SOCO ikakubali kuacha. Na kwa kuwa hifadhi ilikuwa imefunguliwa tena Januari, mtazamaji aliyeguswa aliweza kununua kibali mara filamu ilipokwisha, bila kuinuka kwenye kochi.

Basi mgeni huyo alikujaje? Alitua Kigali, akasafiri kwa gari saa tatu au nne hadi Rubavu, akavuka kwa miguu mpaka wa Grande Barrière akiburuta sanduku lake, na kuingia Goma, mji wa kuta za mawe meusi ya volkano, waendesha pikipiki wanaopigana vikumbo, na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizopakiwa magunia ya viazi. Gari la hifadhi lilikuwa linamsubiri. Kutoka hapo alipelekwa Kibati kwenye njia ya volkano, Bukima kwenye gorila, Mikeno Lodge huko Rumangabo, au kisiwa cha Tchegera ndani ya Ziwa Kivu. Siku tatu baadaye alikuwa mpakani tena.

Na Goma yenyewe ilipata nini? Hapa sifa zipunguzwe kidogo. Mfumo uliomwezesha mgeni kulipia kila kitu kabla ya kufika ulimwezesha pia kupita mjini bila kufungua pochi. Hifadhi imekuwa ikieleza kwamba asilimia 30 ya mapato ya utalii huenda kwenye miradi ya jamii zinazoizunguka, na waajiriwa wake ni watu wa Kivu. Hilo si dogo. Lakini mwenye hoteli ya vyumba kumi katika mtaa wa Himbi, kijana anayejua kutembeza watu mtaa wa Birere na soko la Virunga, fundi anayechonga chukudu, mama mwenye samaki wa sambaza, hawa hawakuwa na kitufe chao kwenye ukurasa wowote wa malipo.

Si kwamba hawakuwa mtandaoni. Kampuni ndogo za utalii za Goma ziliingia Facebook na WhatsApp mapema kuliko ofisi za serikali. Mkwamo wao ulikuwa kwenye pesa. Mkongo wa kawaida analipa na kulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Analipa karo, umeme na deni la duka bila kugusa noti. Mtalii wa Ulaya ana kadi ya benki. Mifumo hiyo miwili ilipishana njiani bila kusalimiana. Kwa mfanyabiashara mdogo, kufungua akaunti inayopokea kadi za nje kulihitaji benki, nyaraka na gharama ambazo wageni wachache kwa mwaka hawawezi kuzirudisha. Kwa hiyo mgeni aliombwa alete dola mkononi, tena noti safi, zisizochanika hata kona, maana dola yenye kovu hakuna anayeipokea Goma. Kuwaambia watu wanaoogopa safari ya Kongo wabebe mamia ya dola mfukoni si namna nzuri ya kuwatuliza.

Kenya na Tanzania, ambako pesa za simu zilienea mapema baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, zilikutana na mkwamo huohuo, zikaupunguza kwa kuunganisha pesa za simu na mitandao ya kadi. Mfanyabiashara wa Kivu alibaki nyuma ya hatua hiyo, na hasara aliibeba yeye, maana mgeni alikuwa na pa kwenda.

Umeme nao. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mgawo wa shirika la umeme, SNEL, kutoka mabwawa ya Ruzizi, na mwenye duka la intaneti aliweka jenereta kabla ya kununua kompyuta. Hifadhi ndiyo iliyojenga bwawa la Matebe kwenye mto Rutshuru, la megawati 13 hivi, lililozinduliwa Desemba 2015, na baadaye umeme wake ukaletwa Goma. Hoteli zikapunguza mafuta ya jenereta, minara ya simu ikapata chanzo kingine. Bei ya mega za intaneti iliendelea kuwauma vijana, lakini angalau chaji ya simu haikuwa tena jambo la kutafutia siku nzima.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Ebola ilifika Goma Julai 2019. Machi 2020 hifadhi ilijifunga kwa sababu ya korona, kwa kuwa gorila huambukizwa magonjwa ya kifua ya binadamu. Tarehe 24 Aprili 2020 wenye silaha walishambulia karibu na Rumangabo, wakaua watu 17, wakiwemo askari 12 wa hifadhi. Januari 2021 waliuawa askari wengine sita. Mwishoni mwa mwaka huo M23 walirudi vitani, na Juni 2022 wakaichukua Bunagana.

Katika miaka hiyo ya ukame wa wageni, mtandao ulifanya kazi ambayo waliouanzisha hawakuipanga: uliitunza hifadhi bila utalii. Mei 2020 ulizinduliwa mfuko wa dharura wa dola milioni 2, ukiungwa mkono na Leonardo DiCaprio na wafadhili wengine. Septemba 2021 Ndakasi alikufa, akiwa amejilaza kifuani kwa mlezi wake, André Bauma, aliyemlea tangu siku ile ya 2007. Picha yao ya mwisho nayo ilienda mbali. Waliowahi kucheka mwaka 2019 sasa walimwombolezea mnyama ambaye hawakuwahi kukaa naye nchi moja.

Ajabu zaidi ilikuwa huko Luviro, katika teritori ya Lubero. Hifadhi ilikuwa na bwawa jipya, lakini viwanda na nyumba za kununua umeme wake zilikuwa bado. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 2020, ikishirikiana na mjasiriamali Mfaransa Sébastien Gouspillou, iliweka makontena yenye kompyuta zinazochimba Bitcoin. Jarida la MIT Technology Review lilipoandika habari hiyo Januari 2023, liliuita mgodi wa kwanza wa Bitcoin unaojulikana kuendeshwa na hifadhi ya taifa. Wapo waliokunja uso, na sababu wanazo: sarafu ile ilianguka vibaya mwaka 2022, na inaweza kuanguka tena. Lakini hifadhi yenye mamia ya askari wa kulipa, isiyo na mtalii wa kulipia kibali, ilikuwa na maji yanayoanguka bure na kifaa kinachoyageuza kuwa mshahara. Ni kamari, ila aliyecheza alikuwa ameishiwa karata nyingine.

Turudi kwenye volkano, kwa kuwa huko ndiko hesabu ya intaneti ya Goma ilikokosewa zaidi.

Nyiragongo ni kivutio na ni tishio, katika mlima uleule. Januari 2002 lava yake ilipita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena. Watu wapatao 30 walikufa, maelfu ya nyumba yakateketea kuelekea Buhene, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule wakazi wengi walijulishwa na mbingu nyekundu na WhatsApp kabla ya tangazo lolote rasmi, na baadhi ya taarifa za mwanzo zilisema mlima unaolipuka ni Nyamulagira. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu wakamiminika Sake na Rubavu.

Ndipo ikasikika habari iliyowaacha wengi vinywa wazi. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimeishiwa pesa baada ya mradi wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020, na kuanzia Oktoba hadi Aprili 2021 hakikuwa hata na uwezo wa kulipia intaneti inayoleta ofisini vipimo vya mlimani. Mji wenye watu zaidi ya milioni, ulio chini ya mlima unaojulikana kwa lava inayokimbia kuliko za milima mingine, ulikosa bando.

Haki itendeke kwa wanasayansi wa OVG: utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata vipimo vilivyokuwa vikifanya kazi vilionyesha dalili dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Mlipuko ule haukujitangaza. Lakini dakika 40 zinatosha kumwamsha mtoto, kumbeba mzee na kuvuka barabara, iwapo zitafika kwenye simu za watu. Mwaka 2021 hakuna onyo rasmi lililotumwa kwenye simu kabla ya lava kutoka. Goma ilikuwa na uwezo wa kumtumia Mjerumani barua ya viza ndani ya siku chache, na haikuwa na njia ya kumwambia mkazi wa Buhene kwamba mlima umepasuka.

Serikali zenyewe zimekuwa zikiukata mtandao zinapouogopa. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi 20 Januari 2019, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Kongo nzima. Wakazi wa Goma walio na laini za Rwanda walisogea karibu na mpaka kutafuta mawimbi. Hifadhi ilikuwa imefungwa wakati huo, hivyo hakuna mtalii aliyekwama. Lakini hoteli na kampuni za usafiri zilizokuwa zikijiandaa kwa ufunguzi wa Februari zilikaa karibu wiki tatu bila kuwajibu wateja, na mteja asiyejibiwa mtandaoni huhesabu kwamba duka limefungwa.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma tena. Uwanja wa ndege ulisimama, benki zikafungwa, na noti zikaadimika. Zile pesa za simu zilizoshindwa kukutana na kadi ya mtalii ndizo zilizoshikilia maisha ya mji: mshahara ulifika kwa simu, mchele ukanunuliwa kwa simu, na wakala mwenye noti kidogo akawa ndiye benki, akijikatia sehemu yake. Tarehe 21 Aprili 2025 Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, ilitimiza miaka mia moja ikiwa katikati ya vita.

Miezi mitatu baadaye Kinshasa ilitia saini mkataba na klabu ya Barcelona, wa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne, ili jina la Kongo, moyo wa Afrika, liwekwe kwenye jezi za mazoezi. Rwanda ilikuwa imeonyesha njia mwaka 2018 kwa kubandika jina lake kwenye mikono ya jezi za Arsenal, na Kongo ikajibu kwa lugha hiyohiyo. Shabiki anayeona jezi hiyo kwenye simu na kuvutiwa atatafuta nchi hiyo mtandaoni, atafika kwenye Virunga, na atakuta hakuna tarehe ya kununua. Jambo moja zaidi hataliona: ndani ya simu hiyo huenda mna tantalamu iliyotoka kwenye koltani ya Rubaya, katika vilima vya Masisi magharibi mwa Goma, mgodi ulioshikwa na M23 mwaka 2024. Mtandao wa dunia unachukua kutoka Kivu Kaskazini kila siku, iwe kuna watalii au hakuna.

Amani ikirudi, wageni watarudi haraka kuliko wengi wanavyodhani. Walirudi 2009, wakarudi 2014, wakarudi 2019. Idadi ya gorila wa milimani imepita 1,000, na wale 604 waliohesabiwa kwenye milima ya Virunga hawatambui mpaka. Kazi ya kufanya kabla ya hapo inajulikana. Viza ya mtandaoni isibaki fadhila ya hifadhi moja. Mwenye hoteli ya Himbi na mwongoza wageni wa Birere wawe na uwezo wa kumwombea mgeni wao kwa utaratibu uleule. Kampuni za simu na benki ziunganishe M-Pesa, Airtel Money na Orange Money na kadi za nje, kwa ada ambayo mtu wa vyumba kumi anaiweza. Tovuti ya kibali iwe na orodha ya watu wa mjini, ili pesa ya mgeni ilale Goma walau usiku mmoja.

Na kabla ya euro nyingine kulipwa kwa jezi ya klabu yoyote, bili ya intaneti ya OVG ilipwe kwanza, ya miaka kumi kwa mkupuo, pamoja na mtambo wa kutuma onyo kwenye kila simu iliyo kati ya Kibati na ziwa.